PEG na Pete za Nitrojeni: Sifa Yake ya Kweli Haiko Pale Inaposifiwa

Ukifungua kabati la dawa la zahanati yoyote, iwe Mwanza au Mombasa, utakuta pete za nitrojeni zimejaa rafu baada ya rafu. Albendazoli ya minyoo, isoniazidi na pirazinamidi za kifua kikuu, pirimethamini iliyomo kwenye SP, dawa ya kuzuia malaria wanayomeza wajawazito, metronidazoli, flukonazoli, omeprazoli ya vidonda vya tumbo: zote zimejengwa juu ya pete ya atomu ambamo nafasi moja au zaidi ya kaboni imeshikwa na nitrojeni. Mwaka 2014 wakemia wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha uchambuzi wa dawa za molekuli ndogo zilizoidhinishwa Marekani, wakakuta asilimia 59 zina angalau pete moja ya namna hiyo. Mtu anayetafuta dawa mpya, ya malaria au ya shinikizo la damu, mapema au baadaye atajikuta anazifunga pete hizi.

Kufunga pete si jambo lililowashinda wakemia. Arthur Hantzsch alifunga dihidropiridini mwanzoni mwa miaka ya 1880, na Pietro Biginelli akafuata na dihidropirimidini yake mwaka 1891, kwa kuchanganya vitu vitatu vya kawaida na kuvichemsha pamoja. Kinachomla mkemia muda na fedha ni kusafisha. Kila mmenyuko huacha nyuma kitendanishi kilichozidi, kichocheo, chumvi, na mazao ya pembeni ambayo hakuna aliyeyaomba. Kazi ya hatua nne ikifanywa kwa njia ya kawaida, saa nyingi huishia mbele ya safu ya silika, yaani bomba lililojazwa unga unaotenganisha vitu, mkemia akikusanya matone kwenye mirija na kuyapima moja baada ya jingine.

Hapo ndipo linapoingia wazo ninalotaka kulichambua: kuibandika molekuli unayoijenga kwenye polima (mnyororo mrefu wa vipande vinavyojirudia) inayoyeyuka, uifanyie kazi ikiwa ndani ya kiyeyushi, kisha uitoe yote kwa kuigandisha na kuichuja. Polima inayotumika zaidi ni polietilini glaikoli, ambayo kila mtu maabara huiita PEG. Makala nyingi zimeandikwa kuisifu kwa mambo mawili, kwamba inazalisha molekuli nyingi kwa haraka na kwamba ni rafiki wa mazingira. Mimi naona sifa ya kwanza imepitwa na wakati, na ya pili bado haijathibitishwa. Hata hivyo ni njia ninayoipenda na ningependa kuiona katika maabara za vyuo vyetu, kwa sababu ambayo makala hizo huitaja kwa sentensi moja na kuipita: inamruhusu mkemia aone anachokitengeneza wakati bado anakitengeneza.

Tuanze na kile PEG ilichokuja kukirekebisha. Mwaka 1963 Bruce Merrifield, akiwa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alichapisha njia ya kutengeneza peptidi, yaani minyororo ya asidi amino, juu ya punje za plastiki ya polistaireni. Asidi amino ya kwanza inafungwa kwenye punje, ya pili inaongezwa juu yake, na kila baada ya hatua punje zinaoshwa na uchafu unakwenda na kiyeyushi. Kwa njia hiyo yeye na Bernd Gutte walitengeneza kimeng'enya ribonuklease A chenye asidi amino 124 mwaka 1969, na mwaka 1984 Merrifield akapewa Tuzo ya Nobel. Ni moja ya mawazo makubwa ya kemia ya karne iliyopita, na sina neno baya juu yake.

Lakini punje haiyeyuki. Kitendanishi lazima kipenye ndani ya jeli iliyovimba, kwa hiyo mmenyuko unaokwenda kwa saa moja ndani ya kiyeyushi huweza kuchukua siku nzima ndani ya punje. Na ukitaka kujua hatua imekamilika au la, vipimo vya kawaida vya maabara vinakugomea, maana vingi vinahitaji kitu kilichoyeyuka. Mara nyingi inabidi uchukue punje chache, uikate molekuli kutoka humo, ndipo upime. Kwa peptidi hilo linavumilika: mmenyuko ni uleule unaorudiwa, na wataalamu wameunoa kwa miongo. Kwa pete za nitrojeni ni balaa, kwa sababu kila hatua ni mmenyuko wa aina nyingine kabisa. Leo unabadilisha floro kwa amini (kundi lenye nitrojeni), kesho unapunguza kundi la nitro, keshokutwa unafunga pete. Hakuna hatua uliyoizoea kiasi cha kuifanya umefumba macho.

Watu waliliona hilo mapema. Moscow, mwaka 1965, kundi la Shemyakin lilijaribu kujenga peptidi kwenye polistaireni isiyo na viungo vya kuikamatanisha, ambayo inayeyuka. Kisha huko Tübingen, Ujerumani, Ernst Bayer na Manfred Mutter wakaichukua PEG mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuonyesha kwamba peptidi zinaweza kukua juu yake zikiwa ndani ya myeyuko. PEG ina tabia inayofaa mno kwa kazi hii. Inayeyuka kwenye maji, methanoli, diklorometani, tolueni na asetonitrili. Lakini ukiimimina kwenye etha, au ukiipoza kwenye isopropanoli, inaganda kuwa unga mweupe na kuanguka chini pamoja na chochote kilichofungwa kwenye ncha yake. Polima hapa inafanya kazi ya kamba ya ndoo kisimani: ndoo inazama na kukutana na maji yote, na bado unaweza kuivuta juu wakati wowote.

Kwa miaka mingi wazo hilo lilibaki kwa watu wa peptidi, wa sukari na wa vinasaba. Lilirudi kwa nguvu mwaka 1995, pale kundi la Kim Janda katika Taasisi ya Scripps, La Jolla, California, lilipoonyesha kwamba makundi ya molekuli ndogo yanaweza kujengwa juu ya PEG. Baada ya hapo watengenezaji wa pete za nitrojeni wakalichangamkia, na hakuna aliyelifanyia kazi kwa bidii kuliko kundi la Chung-Ming Sun nchini Taiwan, ambalo limejenga benzimidazoli na jamaa zake kwa namna nyingi juu ya PEG.

Benzimidazoli inastahili tuitazame kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha uzuri wa njia hii na kasoro zake kwa pamoja. Ni pete ya benzini iliyoshikamana na pete ya atomu tano yenye nitrojeni mbili. Ndiyo moyo wa albendazoli na mebendazoli wanazopewa watoto shuleni kuua minyoo. Imo pia kwenye omeprazoli na kwenye telmisartani ya shinikizo la damu, na mwili wenyewe unaitumia, maana vitamini B12 ina kipande chake.

Kazi huanza kwa PEG yenye ncha ya alkoholi na asidi ya 4-floro-3-nitrobenzoiki. Zinaunganishwa kuwa esta kwa msaada wa DCC, kitendanishi cha kuunganishia, urea inayozalishwa inachujwa, myeyuko unamiminwa kwenye etha, na polima inaanguka. Sasa una pete ya benzini imening'inia kwenye mkia mrefu wa PEG, ikiwa na floro upande mmoja na kundi la nitro jirani yake. Kundi la nitro huvuta elektroni kwa nguvu, kwa hiyo floro inakuwa tayari kuondoka. Unaongeza amini yoyote ya msingi, butilamini kwa mfano, kwenye joto la kawaida la chumba. Amini inachukua nafasi ya floro na myeyuko unageuka njano iliyokolea, hata kuelekea rangi ya machungwa. Mtu yeyote mwenye macho anaona mmenyuko umekwenda. Juu ya punje rangi hiyo ingekuwepo pia, lakini isingekuambia kama ndani kabisa ya punje nako kumefikiwa.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoiona ya maana kuliko zote. Kundi la nitro lazima lipunguzwe kuwa amini, ili pete ipate nitrojeni yake ya pili. Mkemia akisikia hivyo, kwanza hufikiria gesi ya hidrojeni na paladiamu juu ya mkaa, au unga wa zinki na fometi ya amonia kwenye methanoli. Vyote ni vitu vya kawaida na safi, na mwisho unavichuja tu. Lakini paladiamu na zinki ni vitu yabisi, haviyeyuki. Mwenye kutumia punje za polistaireni havimfai, kwa sababu kichocheo kigumu hakiwezi kuingia ndani ya punje ngumu na kukutana na molekuli iliyojificha humo. Ilibidi watu wa punje watafute vitendanishi vinavyoyeyuka, hasa kloridi ya bati, ambayo huacha chumvi za bati kila mahali. Kwa PEG kikwazo hicho hakipo. Molekuli inakifuata kichocheo, inapunguzwa, kichocheo kinachujwa, na rangi ya njano inafifia mbele ya macho yako. Kemia ya kawaida ya vitabu inarudi kutumika bila kubadilishwa chochote. Kwa mtazamo wangu, hoja hii peke yake ina uzito kuliko kurasa zote zilizoandikwa kuhusu kasi.

Baada ya hapo pete inafungwa. Ukitumia aldehaidi unapata benzimidazoli yenye kundi la aldehaidi hiyo kwenye nafasi ya 2. Ukitumia isothiosayanati, kisha ukaondoa salfa, unapata 2-aminobenzimidazoli. Mwishowe methoksidi ya sodiamu ndani ya methanoli inaikata esta, polima inagandishwa kwa mara ya mwisho na kubaki kwenye chujio, na bidhaa inabaki kwenye myeyuko. Kundi la Sun lilionyesha pia kwamba ndani ya oveni ya mikrowevu hatua kadhaa za namna hii hupungua kutoka saa hadi dakika, bila PEG kudhurika.

Sasa, kuona. Molekuli ikiwa kwenye PEG iliyoyeyuka, unaweza kuchukua sehemu yake na kuipima kwa NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha protoni (viini vya hidrojeni) za molekuli ziko wapi, bila kukata chochote, na sampuli ile ile ukairudisha kazini. Kuna tatizo la kelele: PEG ya uzito wa 5,000 ina vipande takribani 113 vya etilini oksidi, maana yake protoni zaidi ya 450 zinazopiga kelele zote pamoja karibu na 3.6 kwenye kipimo cha ppm, dhidi ya protoni tatu au nne za pete unayoitafuta. Lakini pete hizi zina bahati. Protoni zake ziko mbali, kati ya 7 na 9, mahali ambapo PEG haina sauti. Na protoni mbili za PEG zilizo jirani na esta husogea hadi karibu na 4.4, zikijitenga na nyingine, kwa hiyo unaweza kuhesabu ni kiasi gani cha polima kimebeba mzigo kweli. Kwa mwanafunzi anayejifunza kujenga molekuli, hili ni darasa ambalo punje haziwezi kumpa. Anaona kila hatua ikizaliwa, na anajua palipoharibika kabla hajapoteza wiki mbili.

Upande mwingine sasa. Kitendanishi kilichozidi kinaoshwa, lakini molekuli iliyoshindwa kumenyuka inabaki kwenye kamba ile ile na inasafiri na wenzake hadi mwisho. Hakuna namna ya kuitenganisha njiani. Hatua nne zikikamilika kwa asilimia 95 kila moja, mwishoni ni asilimia 81 tu ya minyororo iliyobeba kitu sahihi. Zikikamilika kwa asilimia 90, ni chini ya asilimia 66. Kwenye kemia ya kawaida upotevu kama huo unapunguza wingi wa mazao, lakini safu ya silika inakurudishia usafi kila hatua. Hapa unapunguza usafi wenyewe. Kwa hiyo anayefanya kazi kwenye PEG analazimika kuusukuma kila mmenyuko hadi ukamilike kabisa, kwa kutumia kitendanishi mara mbili au tatu zaidi ya kinachohitajika. Nikisoma ripoti inayotaja asilimia 90 na ushei ya mavuno kutoka kwenye bidhaa isiyosafishwa, swali langu la kwanza ni: usafi wake ulikuwa kiasi gani kabla, na kiasi gani baada ya kusafishwa? Ripoti nzuri hutoa namba zote mbili. Nyingine hutoa moja.

Kuna pia mambo ambayo mtu huyajua akishaweka mikono kazini. Chumvi za amini haziyeyuki kwenye etha. Kwa hiyo ile hidrofloridi inayozalishwa floro inapoondoka huanguka pamoja na PEG na kujificha ndani ya unga wake mweupe, nawe unadhani umeosha. Inabidi ugandishe upya kutoka kwenye ethanoli au isopropanoli baridi. Ioni za metali nazo hupenda kushikwa na zile oksijeni nyingi za PEG, kwa hiyo zinki haiondoki yote kwa kuchuja mara moja. Urea ya DCC hubaki kidogo kidogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kisichotatulika, ila kila kimoja kinaongeza mgandisho mwingine na etha nyingine.

Nalo suala la etha ndilo linalonifanya nisikubali haraka madai ya urafiki na mazingira. Tufanye hesabu ya mezani. PEG ya uzito wa 5,000 yenye ncha moja ya kubebea hubeba milimoli 0.2 kwa kila gramu. Ukitaka milimoli moja ya benzimidazoli yenye uzito wa 300, yaani miligramu 300 tu, unahitaji gramu 5 za polima. Unaziyeyusha kwenye mililita 25 za diklorometani na kuzimimina kwenye mililita 250 za etha, kisha unaosha kwa mililita 50. Fanya hivyo baada ya hatua nne za kujenga na moja ya kukata, umetumia lita moja na nusu ya etha, zaidi ya kilo moja, kupata chini ya theluthi moja ya gramu. Haki inataka niseme kwamba safu ya silika nayo inakunywa viyeyushi kwa lita, na safu nne zingeweza kufika hapo au kupita. Etha inaweza kukusanywa na kukenekwa upya. Inawezekana kabisa kwamba PEG inashinda hesabu hiyo. Ninachodai ni kwamba hesabu ifanywe na iandikwe, badala ya kusema PEG haina sumu, inatumika hata kwenye dawa za kulainisha choo, kwa hiyo njia nzima ni safi. Usalama wa kamba hausemi lolote kuhusu kiyeyushi kinachotumika kuivuta.

Kwa maabara za pwani yetu etha si suala la mazingira peke yake. Etha ya diethili huchemka kwenye nyuzi 34.6 za Selsiasi. Dar es Salaam, Januari hadi Machi, joto la mchana hupanda hadi nyuzi 32 na kuzidi. Umeme ukikatika na viyoyozi vikazimika, chupa ya etha iliyofunguliwa mezani inakaribia kuchemka yenyewe, mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutambaa juu ya meza hadi kwenye chanzo chochote cha cheche. Ikikaa muda mrefu ikigusana na hewa hutengeneza peroksidi zinazoweza kulipuka. Kuiga tu maelekezo yaliyoandikwa Taiwan au California ndani ya chumba chenye baridi ya kudumu ni kujitafutia ajali. Kuna njia za kupita. MTBE, etha ya aina nyingine, huchemka kwenye nyuzi 55 na haitengenezi peroksidi kwa wepesi huo, nayo inaigandisha PEG vizuri. Isopropanoli huchemka kwenye nyuzi 82, inapatikana kila mahali, na ukiiyeyusha PEG humo kwa uvuguvugu kisha ukaiweka kwenye friza, inajitoa yenyewe. Ni ya polepole zaidi, lakini mimi ningeichagua hiyo kwanza, na ningeomba anayeandika mwongozo wa maabara kwa wanafunzi wa kanda hii afanye vivyo hivyo.

Kuhusu wingi wa molekuli nitasema kwa ufupi. Miaka ya 1990 kampuni za dawa ziliamini kwamba ukitengeneza maelfu ya molekuli kwa mkupuo, dawa zitajitokeza zenyewe. David Newman na Gordon Cragg wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walipopitia mwaka 2007 zaidi ya robo karne ya dawa zilizoidhinishwa, walipata moja tu waliyoweza kusema imezaliwa moja kwa moja kutoka kwenye makundi makubwa kama hayo: sorafenibu ya saratani ya figo, iliyoidhinishwa mwaka 2005. Nayo, kama ungetarajia, ina pete ya piridini. Anayeitetea PEG leo kwa hoja ya maelfu ya molekuli anapigana vita vilivyokwisha.

Mahali inapofaa ni kwenye familia ndogo: molekuli kumi, ishirini, thelathini zinazofanana, zilizochaguliwa kwa kufikiri, ambapo unataka kujua nini kinatokea ukibadilisha kundi moja tu. Hapo ndipo mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kuwa na chupa sita sambamba mezani, kila moja ikiwa na amini yake, na kuzisafisha zote kwa mgandisho mmoja mmoja mchana ule ule. Hahitaji safu sita za silika. Hahitaji mashine ya kromatografia ya shinikizo. Anahitaji chujio, pampu ya maji, friza na subira. Hata sahani ndogo ya silika inamsaidia kwa namna ya pekee: kwenye mchanganyiko wa heksani na ethili asetati PEG haipandi, inabaki chini ilipowekwa, kwa hiyo chochote kinachopanda ni kitu ambacho hakijafungwa kwenye kamba na bado hakijaoshwa. Ninihidrini nayo inamwonyesha amini huru kwa rangi. Vipimo vya NMR bado ni shida, kwa kuwa maabara nyingi za vyuo vyetu hutegemea kutuma sampuli nchi nyingine, lakini vipimo hivi viwili vya mezani vinapunguza idadi ya sampuli zinazostahili kusafiri.

Na utaalamu wa kusoma matokeo yakirudi tunao. Kemia ya kanda hii imejengwa juu ya mimea. Mtandao wa NAPRECA umewakusanya tangu 1984 watafiti wa mazao asilia wa mashariki na katikati ya Afrika, na vizazi vya wanafunzi vimejifunza kusoma NMR za molekuli zilizotolewa kwenye mizizi na magome, ambazo ni ngumu kuliko benzimidazoli yoyote. Tulipopungukiwa ni upande wa kujenga. Molekuli ya mmea ikionyesha dalili ya kuua kimelea, mara nyingi kazi huishia kwenye kuitambua na kuichapisha. Kuchukua kipande chake chenye pete ya nitrojeni na kukitengenezea ndugu ishirini ili kujua ni sehemu gani inayofanya kazi, hiyo ndiyo hatua inayoachwa, na ndiyo hatua ambayo kibebeo kinachoyeyuka kinaibeba bila kudai vifaa vya bei kubwa.

Kuna mipaka ambayo haifai kufichwa. PEG haiyeyuki vizuri kwenye tetrahidrofurani baridi, kwa hiyo kemia ya besi kali za lithiamu kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri haifanyiki juu yake. Kundi la Janda lilikwenda kwenye polistaireni isiyokamatanishwa, inayoyeyuka kwenye kiyeyushi hicho na kugandishwa kwa methanoli. Na kila molekuli iliyokatwa kwa methoksidi hubaki na alama ya mahali ilipofungwa. Kwa mfano wetu ni esta ya methili kwenye nafasi ya 5 ya benzimidazoli, iwe inahitajika au la. Ukiipanga kazi ili esta hiyo iwe mwanzo wa hatua inayofuata, imekuwa faida. Ukiisahau, umepima kwenye vimelea familia nzima ya molekuli zenye kundi usilolitaka.

Dalili inayonipa matumaini zaidi imetoka tena kwa watu wa peptidi. Mwaka 2010 kundi la Andrew Livingston katika Chuo cha Imperial, London, lilichapisha njia ya kujenga peptidi kwenye PEG bila kuigandisha hata mara moja. Badala ya etha walitumia utando wenye matundu madogo mno unaostahimili viyeyushi vya kikaboni. Myeyuko unasukumwa kwa shinikizo, kitendanishi kilichozidi kinapita, polima na mzigo wake vinabaki kwa sababu ni vikubwa. Kwa pete za nitrojeni tofauti ya ukubwa ni ile ile: amini ya uzito wa 73 upande mmoja, PEG ya 5,000 upande wa pili. Chumvi zile zinazojificha kwenye unga mweupe zisingekuwa na unga wa kujificha, maana hakuna kinachoganda. Utando unagharimu, unachoka, na kiyeyushi cha kuoshea bado kinahitajika na lazima kihesabiwe nacho. Lakini mtu akijenga benzimidazoli kumi kwa njia hiyo na kuandika gramu za polima, lita za kiyeyushi na usafi wa kila hatua, ile lita moja na nusu ya etha niliyoihesabu hapo juu itabidi ipigwe upya, na nitakuwa mwenye furaha kuifanya kazi hiyo.